Mimi ya Watu Wengine

Mji wenyewe haukuwa na jina, na waliokaa ndani yake hawakuwahi kuona haja ya kuupa. Nyuma yake ulikuwa mlima, mbele yake uwanda wa chumvi usioonekana mwisho, na kati ya uwanda na nyumba za watu lilisimama lango moja. Waliozaliwa ndani hawakutoka. Waliotokea uwandani waliingia, au walirudishwa. Miaka haikuhesabiwa huko; zilihesabiwa lugha. Kila walipofika langoni watu wenye lugha ambayo haijapata kusikika, saa ya mnara ilisimamishwa, ikarudishwa mwanzo, na maisha yakaanza kuhesabiwa upya. Mtu akiulizwa umri wake alijibu, "Nilizaliwa katika lugha ya wafuma sufu," au, "Niliolewa lugha ya wachimba visima ikikaribia kwisha," na aliyeuliza akatosheka.

Bi. Sikudhani alikuwa ameishi lugha nyingi kuliko yeyote aliyebaki kwenye benchi la wakalimani. Benchi hilo lilikuwa la jiwe, refu, limewekwa kati ya mlango wa nje na meza ya Karani wa Lango. Mgeni alisimama upande huu, Karani alikaa upande ule, na mkalimani katikati akayageuza maneno ya mmoja yawe maneno ya mwingine. Karani alisikiliza, kisha akaamua: aingie, au arudi alikotoka. Hapakuwa na mahali pengine pa kulalamika.

Kazi hiyo ilikuwa na sharti moja lililoshinda mengine yote. Mkalimani hakuruhusiwa kusema "anasema kwamba." Alipaswa kusema "mimi," kana kwamba maneno yametoka tumboni mwake mwenyewe. Kwa hiyo Bi. Sikudhani alikuwa amekuwa watu wote. Alipoamka alikuwa Sikudhani. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa bwana harusi aliyeikimbia harusi yake, mjane, mfalme aliyepinduliwa, mtoto aliyepotezana na mama yake. Alisema mimi nimeua, na hakuwa ameua. Alisema mimi nina njaa, na tumbo lake limejaa mihogo. Jioni alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda, na neno lile likawa limechakaa kinywani mwake kama mswaki wa mti uliotafunwa hadi ukawa nyuzi. Mimi nataka kulala, alijiambia; na mara nyingine alinyamaza kidogo baada ya kusema hivyo, akisubiri mtu wa kulitafsiri.

Alichoka. Huo haukuwa uchovu wa mgongo, ingawa mgongo nao ulikuwa na maneno yake. Ulikuwa uchovu wa mtu ambaye amejifunza kazi yake mara nyingi, na kila alipoijua, kazi ikahama. Ujana wake wote aliutoa kwa lugha ya wafuma sufu, akaimudu hata akaota kwayo, kisha wafuma sufu wakaacha kuja. Akajifunza ya wachimba visima. Wakaacha kuja. Ikaja nyingine, na nyingine. Lugha zilizokufa zilibaki ndani yake zikizungumza zenyewe kwa zenyewe, kama wapangaji ambao mwenye nyumba amesahau kuwaambia wahame. Ni nini kinachoitwa mtu, alijiuliza, ikiwa kila anachokijua kinakuja kupitwa, na yeye hajapita?

Basi siku moja wakafika watu wa lugha mpya.

Walikuja kwa wingi, chumvi imewaganda hadi magotini, na saa ya mnara ikasimamishwa. Wakalimani wote wakageuka kumtazama Bi. Sikudhani. Ilikuwa desturi: lugha ngeni huanza kwake, wengine wakafuata nyuma yake. Alijiweka sawa, akamkaribisha wa kwanza.

Alikuwa mwanamume wa makamo aitwaye Sumbwe, mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto. Nyuma yake alisimama mwanamke aliyefanana naye macho na paji la uso. Sumbwe alianza kueleza, taratibu, akimwangalia mkalimani usoni kama mtu anayempokeza mwenzake chungu cha maji. Na katika maneno yale Bi. Sikudhani akalisikia moja analolijua. Ruwa. Katika lugha ya wafuma sufu, ruwa ni mimi. Moyo ukamtulia. Kumbe ni ndugu wa lugha ile, alijiambia. Kumbe sikuzeeka bure.

Ruwa, alisikia, kisha kuchoma, kisha nyumba, kisha dada. Ruwa tena, kuchoma tena, matofali. Ruwa tena, nyumba tena. Mengine yalimpita kama maji ya mfereji. Hapo ndipo alipopaswa kusema neno fupi kuliko yote aliyowahi kuyasema kwenye benchi lile. Sijui. Lilimfika kooni. Lakini wakalimani wote walikuwa wakimtazama, na Karani alikuwa ameinua kalamu, na yeye, aliyezoea kuwa wa kwanza, hakukumbuka namna neno lile linavyotamkwa mbele ya watu. Akaunganisha alivyoweza.

"Mimi ni mchoma nyumba," alisema kwa sauti yake safi ya kazi. "Nimeichoma ya dada yangu. Mimi nachoma. Mimi natafuta nyumba."

Karani akaiweka kalamu chini. "Arudi."

Walinzi walipomshika Sumbwe mkono, yule mwanamke akajitupa mbele, akalipiga benchi la jiwe kwa kiganja. Hakumsemesha Karani. Alimwinamia Bi. Sikudhani mpaka pumzi zao zikachanganyika, akasema, "Ruwa," akionyesha nyuma, kwenye uwanda. "Ruwe," akajigonga kifua. "Ruwo," akanyoosha mkono kuelekea nyumba za mji. Na Bi. Sikudhani akaona kwa macho kile ambacho masikio yake yalikuwa yamekikosa: mdomo ulioachama, mdomo uliotanuka, mdomo uliojikunja duara. Maneno matatu. Mimi niliyekuwa. Mimi niliye. Mimi nitakayekuwa. Masikio yake yalikuwa yameyapokea yote matatu kama moja.

Mimi niliyekuwa nilichoma nyumba ya dada yangu. Mimi niliye nachoma matofali. Mimi nitakayekuwa nataka kujenga nyumba. Hivyo ndivyo Sumbwe alivyosema.

Lango likafungwa nyuma yao. "Wamesema nini, Bi. Sikudhani?" aliuliza mmoja wa wakalimani.

"Wamekasirika tu," alisema. Akaita, "Mwingine."

* * *

Asubuhi iliyofuata Kidawa alikuja nyumbani kwake. Kidawa ndiye aliyekuwa mkuu wa wakalimani, mwanamke mrefu anayetembea haraka, na zamani Bi. Sikudhani ndiye aliyemfundisha kukaa kwenye benchi, kushusha pumzi, kutomtazama Karani machoni. Mkononi alikuwa na kikuba cha asumini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na maua. Nani amekufa?"

Kidawa alicheka, kisha akaacha. "Tumekaa kikao jana jioni. Tumeona umetumika sana. Tumeona wakati umefika wa wewe kupumzika kwa heshima."

"Nani amelalamika?"

"Hakuna aliyelalamika."

"Kidawa."

"Watu wapya wanasema hawakuelewi, mwalimu. Wanasema unawajibia." Alimvisha kile kikuba shingoni, akakiweka sawa begani kwa upole wa kweli. "Umechoka. Mimi naona. Huko utakaa vizuri."

Huko kulikuwa Chumba cha Heshima, jengo zuri nyuma ya mnara. Bi. Sikudhani alikuwa amewasindikiza wengi mpaka mlangoni na kupiga vigelegele. Ndani hakuwahi kuingia. Alikuta viti vya mahameli vimepangwa kuzunguka kuta, na kila kiti kina mzee, na kila mzee ana asumini. Chai ya iliki ilipita. Wageni walipita pia, mmoja mmoja, wakatoa shikamoo zao kwa unyenyekevu, wakasifu, wakaenda. Mwanzoni aliona raha. Miguu ilimshukuru. Lakini kadiri alivyokaa, aligundua jambo lililomtia ubaridi: katika chumba kile hakuna aliyeulizwa swali. Walisalimiwa, walishukuriwa, walipigwa picha. Hakuna aliyetaka kujua lolote kutoka kwao, na wao wenyewe hawakutaka kujua lolote. Na waliokaa muda mrefu zaidi walikuwa wameanza kupauka. Mahameli ya viti yalionekana kupitia mabegani mwao.

Kwenye kiti cha jirani alikaa mzee Chande. Ndiye aliyemfundisha lugha ya wafuma sufu wakati ambapo nywele zake zilikuwa bado nyeusi tii. Alikuwa amebaki kama moshi wa ubani.

"Kaka Chande. Ni mimi, Siku. Unaniona?"

"Chande alikuwa anakuona," alisema mzee. "Chande alikuwa anapenda sana chai."

Hakujitaja tena kama mimi. Alijizungumzia kama marehemu. Bi. Sikudhani alikaa, kikombe kinapoa mkononi, na akajiona yeye mwenyewe baada ya muda, akisema Sikudhani alikuwa, Sikudhani alikuwa, mpaka kiti kibaki. Hofu iliyomshika haikuwa hofu ya kufa. Kufa alikuwa amekufikiria. Ilikuwa hofu ya kumalizwa kwa adabu wakati bado anapumua. Na ndani ya hofu hiyo, kwa kukosa jambo jingine la kufanya, akauliza swali.

"Kaka, kuna sauti mbili katika lugha ya wafuma sufu nilikuwa nazichanganya. Ile ya maziwa na ile ya mvua. Wewe hukuwa unazichanganya, na sikio lako la kushoto lilikuwa bovu tangu utotoni. Ulifanyaje?"

Mzee Chande aligeuka polepole. Alimtazama kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha mbali. Kisha rangi ikaanza kumrudia, kwanza kwenye ncha za vidole, halafu kwenye uso. Mahameli yaliyoonekana kifuani mwake yakafifia, na badala yake ikaonekana shati, na vifungo vya shati.

"Sikuwa nasikiliza," alisema. "Nani amekwambia nilikuwa nasikiliza? Nilikuwa natazama midomo. Mimi nilikuwa nasoma midomo, Siku. Wewe ulikuwa na masikio mazuri, ndiyo maana hukujifunza kutazama."

"Twende basi. Twende tukajifunze hii mpya. Inuka."

Aliweka mikono kwenye viegemeo vya kiti. Alijaribu, Mungu shahidi wake. Kisha akatabasamu kwa aibu. "Miguu, Siku. Miguu haitaki. Lakini uje uniulize tena."

Mtu wa chai akafika, akamvisha kikuba kipya, akamwita hazina yetu. Na mzee Chande akaanza kufifia tena.

Bi. Sikudhani alivua asumini yake, akaiweka juu ya kiti, akatoka.

* * *

Alimkuta Kidawa peke yake kwenye benchi, kichwa amekiegemeza ukutani, macho amefumba. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba huyu binti naye alikuwa na mvi pembezoni mwa masikio.

"Nataka kutoka nje ya lango," alisema.

Kidawa alifumbua macho. "Nje? Hakuna mtu anayetoka nje."

"Nimemrudisha mtu kwa kosa langu. Nilisema ninaelewa, na sikuwa naelewa. Nataka nikamtafute, na nijifunze lugha yao kule inakozungumzwa."

"Mwalimu, anayetoka anapoteza nafasi yake. Ukirudi, kama utarudi, utakaa mwisho wa benchi na wanaoanza. Wewe! Watu watasemaje?"

"Wewe unaielewa lugha yao?"

Kidawa aliangalia mlangoni, kisha mezani kwa Karani, palipokuwa patupu. Alishusha sauti. "Hapana. Hakuna anayeielewa. Sote tunabahatisha. Wale wanaoingia, wanaingia kwa bahati. Wanaorudi, wanarudi kwa bahati. Silali. Lakini nikisema sijui mbele ya Karani, nani ataniheshimu tena?"

"Mimi nimekwisha kuheshimiwa, mwanangu. Nimetoka huko sasa hivi."

Halafu Kidawa akainuka, akachukua ufunguo, akamfungulia yeye mwenyewe.

Nje hapakuwa na njia. Chumvi ilikuwa nyeupe mbele, nyeupe nyuma, na jua lilikaa juu yake bila kusogea, kana kwamba saa ya mji ikisimamishwa jua nalo hukosa kinacholiambia liende. Alitembea. Kisigino kikamuuma, kisha goti, kisha vyote vikaungana. Na kwa kuwa hapakuwa na sauti nyingine, zile sauti zote alizowahi kuzisemea zikaamka ndani yake na kudai zamu.

Mimi ni mjane. Mimi nimeua. Mimi ni mfalme, niondoleeni mikono. Mimi nina njaa. Kaeni kimya. Mimi natafuta mama. Kaeni kimya, nimesema, mimi natafuta. Nani? Nani anatafuta? Mwanamke mzee, viatu vibovu. Kwa nini usikae nyumbani? Nimekaa. Kwa nini usipumzike? Nimepumzika, ikakaribia kuniua. Unataka nini basi? Sijui. Sema tena. Sijui. Sema kwa nguvu. Sijui! Lilitoka kinywani mwake, likaenda juu ya chumvi, na halikumrudia. Alisimama. Alishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi. Lugha zote alizozijua, na neno hili lilikuwa limekaa humo siku zote, halijatumika, jipya kabisa.

Aliwakuta wamejenga vibanda vya ngozi katika bonde. Sumbwe alimwona kwanza. Akainuka, akampa mgongo, akaingia bandani. Yule mwanamke, dada yake, ndiye aliyekuja na maji. Jina lake Nyaro. Bi. Sikudhani hakunywa. Alijigonga kifua, akaonyesha mdomo wake mwenyewe, akatikisa kichwa; kisha akaonyesha mdomo wa Nyaro, akaketi chini kwenye chumvi kama anayeanza darasa la kwanza. Nyaro aliyaweka maji chini. Halafu naye akaketi.

Alijifunza vibaya. Ni lazima isemwe, kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba mzee alipoamua, mambo yalifunguka. Hayakufunguka. Neno la asubuhi lilikuwa limetoweka kabla ya chakula. Kila alipotaka kusema neno lao, lilijitokeza la wachimba visima, limevaa vizuri, likajibu kwa niaba yake. Watoto wa pale walimwiga wakaanguka kwa kicheko. Alimwambia Nyaro shukrani, kumbe amemwambia mbuzi. Kulikuwa na nyakati alizojifunika kanga usoni akalia, si kwa huzuni, kwa kuchoshwa tu na kichwa chake mwenyewe. Nyaro hakumbembeleza. Alisubiri amalize kulia, akamvuta kanga, akaachama: ruwa. Akatanua: ruwe. Akakunja: ruwo. Bi. Sikudhani akaacha kusikiliza, akatazama.

Taratibu aliyaelewa. Akaelewa pia kisa chenyewe. Zamani, kwa hasira za urithi, Sumbwe aliichoma nyumba ya Nyaro, na makovu ya mikononi aliyapata aliporudi ndani ya moto kumtoa dada yake. Baadaye alijifunza kufyatua matofali, kwa sababu tofali likishachomwa halichomeki tena. Nyaro alikuja naye langoni ili amshuhudie.

"Umemsamehe?" aliuliza Bi. Sikudhani, kwa sarufi ya mtoto.

Nyaro alifikiri. Katika lugha yao hata swali hilo lilitaka kujua ni Nyaro yupi. "Ruwa alimchukia," alisema. "Ruwe anasafiri naye. Ruwo bado hajafika, nitamuuliza."

Siku hiyo Sumbwe alitoka bandani akaketi nao. Alimsogezea Bi. Sikudhani bakuli la maziwa.

* * *

Waliporudi langoni, watatu pamoja, Karani hakumtambua mkalimani wake. Uso ulikuwa umebabuka, nguo zimekauka kwa chumvi. Kidawa ndiye aliyemtambua, akasimama ghafla, akashika mdomo.

"Huyu mtu alirudishwa," alisema Karani, akimwonyesha Sumbwe. "Aliyerudishwa harudi."

"Nilikosea kumtafsiri," alisema Bi. Sikudhani.

"Nani alikosea?"

"Mimi."

Karani alikunja uso. Katika kazi yake yote, kila aliposikia neno hilo kutoka upande ule wa benchi, lilikuwa la mgeni. "Yaani huyu mgeni anasema alikosea?"

"Hapana. Sasa hivi nasema mimi, na ni mimi mwenyewe. Sikudhani. Sikumwelewa, nikaona haya kusema sijui. Naomba asikilizwe tena."

Wakalimani wakatazama miguu yao. Ndipo Kidawa akatoka mahali pake pa mbele, akaja kusimama kando ya mwanamke yule mwenye chumvi. "Hata mimi siielewi lugha yao," alisema, na sauti ikamtetemeka. "Hakuna kati yetu anayeielewa. Msikilize huyu."

Sumbwe akaeleza upya. Bi. Sikudhani alimtazama midomo, akasimama katikati ya sentensi, akamwomba arudie, akasimama tena. Alikuwa mzito kama anayeanza. Hakuna aliyewahi kusikia tafsiri mbovu hivyo kwa mwendo wala sahihi hivyo kwa maana. "Mimi niliyekuwa nilichoma nyumba. Mimi niliye nafyatua matofali. Mimi nitakayekuwa nataka kujenga."

Karani alishika shavu. "Watu watatu," alisema. "Na lango ni la mtu mmoja mmoja. Kati ya hao, yupi anaomba kuingia?"

Swali likavuka benchi. Sumbwe alimgeukia dada yake. Nyaro ndiye aliyejibu, na Bi. Sikudhani akaligeuza neno kwa neno: "Wote. Ukimwacha wa kwanza nje, ni nani atakayekumbuka kwamba moto unaunguza?"

Karani aliichezea kalamu. Labda alisadiki. Labda njaa ilikuwa imemshika, maana harufu ya pilau ilikuwa ikitoka jikoni kwa walinzi. Alipunga mkono. "Waingie."

Hakupigiwa vigelegele mtu. Ndugu wale wawili walipita mlango wa ndani wakiwa wameshikana mikono kwa woga, na nyuma yao foleni ikasogea, ndefu, kila mtu na mimi zake. Bi. Sikudhani alitaka kuketi. Alitazama mahali pake pa zamani, pamekaliwa na mwingine. Akaenda mwisho kabisa wa benchi, kwenye jiwe lisilo na kivuli, akajipenyeza kati ya wanaoanza.

Saa ya mnara ikaanza kutembea. Maisha yakahesabiwa kwa lugha ya watu wa chumvi, na katika hesabu hiyo yeye alikuwa na umri sawa na kila mtu. Hilo halikumwondolea maumivu ya goti. Kila adhuhuri alikwenda Chumba cha Heshima akampelekea mzee Chande swali moja. Siku nyingine alimkuta mzito, ana kikohozi, anabisha. Siku nyingine mwepesi, ikambidi ashike kiti ndipo aone kama yupo. Ilifika adhuhuri ambayo alikuta kikuba tu. Alikaa pale na swali lake mpaka chai ikapoa, kisha akarudi kazini, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Jioni Kidawa alianza kuja kukaa naye kwenye jiwe la mwisho, mkuu mzima, akitanua mdomo na kuukunja, akikosea, akirudia.

Watu wa chumvi nao walikuwa wakimsalimu wanapopita. Lugha yao ina wewe watatu pia, na mzee husalimiwa kwa wa kwanza: wewe uliyekuwa, habari? Ni heshima. Ndivyo walivyomwita wote, naye aliitika.

Jioni moja Sumbwe alipita akisukuma mkokoteni wa matofali, kijasho kinamtoka. Alisimama mbele ya benchi, akajifuta uso, akamwita kwa wewe wa tatu. Wewe utakayekuwa, habari? Katika watu wake hakuna anayesalimiwa hivyo isipokuwa mtoto ambaye hajaota meno, na mtu anayefunga mzigo wa safari. Bi. Sikudhani alidhani amekosea kusikia. Akamtazama mdomo. Ulikuwa umejikunja duara, wala haukuwa na mzaha.

Mgongo ulikuwa ukimuuma, macho yanamwasha, foleni bado inafika kwenye uwanda. Maneno yale yalimwingia bila kupitia lugha nyingine yoyote. Alifungua kinywa, akazipima mimi zote tatu, akachukua ya kati.

"Ruwe nimechoka," alimjibu, na sauti ikatoka sawasawa. Kisha akasogea pembeni, ampishe Kidawa akae.